Waiyego na Mgeni wa Maji ya Chumvi

Waiyego alikuwa mtu wa kuku. Ukifika Yamumbi, nje kidogo ya Eldoret, ukaulizia nyumba ya Mama Mayai, hata mtoto wa nasari angekuonyesha lile geti la buluu, na ukibisha ungemkuta mwenyewe ndani ya gambuti, kitambaa kichwani, ndoo ya chakula mkononi. Alianza na kuku tembe sita alizopewa na mama yake kule Ainabkoi mwaka alioolewa. Miaka thelathini baadaye alikuwa na kuku mia nne na ushee, na mayai yake yalijulikana hadi mtaa wa Pioneer.

Kitu kimoja tu kilimshinda nyumbani kwake, nacho ni tanki la samaki la mumewe.

Mumewe, Kinuthia, alikuwa fundi wa mitambo ya simu. Kampuni ilimpeleka Mombasa, akakaa huko miaka kumi na moja, akija nyumbani Agosti na Krismasi kama mwanafunzi wa bweni. Watoto watatu waliugua, wakapona, wakasoma, wakakua mikononi mwa Waiyego. Mama mkwe naye, Waiyego ndiye aliyemwuguza, na ndiye aliyemfumba macho. Mara moja tu alipanga kwenda Mombasa kumwona mumewe. Begi lilikuwa limeshafungwa, ndipo Nyokabi, kifungua mimba wao, aliposhikwa na tetekuwanga, safari ikafa. Hakuna aliyeifufua.

Kinuthia alipostaafu, Waiyego alidhani mambo ya Mombasa yamebaki Mombasa. Mwaka wa pili mzee akaondoa kabati la vyombo vya wageni sebuleni, akaweka tanki la kioo. Akalijaza maji aliyonunua kwa mitungi pale duka la maji safi, akayakoroga na chumvi maalum ya baharini. Akatia mawe, taa, hita ya kupasha maji na kimashine kidogo cha kuyazungusha. Mwishowe wakaja samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, hata kidole hawafiki kwa urefu.

"Hizi zinaliwa?" Waiyego aliuliza siku ile.

"Hapana. Ni za kuangalia."

"Basi ziangalie."

Tangu siku hiyo alipita mbele ya tanki kama mtu apitaye mbele ya jirani waliyekosana naye. Alipanguza chumvi iliyoganda ukutani, alinung'unika, lakini jicho hakulitupa ndani.

Aprili stima ilipotea siku mbili mfululizo. Hita ikazimika, maji yakapoa, samaki mmoja akafa. Aliyebaki ni yule mkubwa, jike, ambaye Kinuthia alimwita Madam. Mzee hakutulia. Alimpigia simu Kituyi, rafiki yake wa zamani aliyekuwa akiuza samaki wa mapambo huko Mombasa, amtafutie Madam mwenzake. Samaki wa kufaa alipatikana Julai, na Jumanne jioni Kituyi akampakia kwenye basi la Eldoret.

Jumatano alfajiri Kinuthia aliamka amejikunja kitandani, jasho linamtiririka na baridi yote ile ya Julai. Ngiri aliyokuwa ameificha mwaka mzima ilikuwa imekaba. Kufikia saa tatu alikuwa ameingizwa chumba cha upasuaji, na Waiyego ameketi kwenye benchi la nje, amepakata koti na viatu vya mumewe, midomo ikicheza kwa sala.

Simu ya Kinuthia ikalia ndani ya mfuko wa koti.

"Mzee Kinuthia? Hapa ni ofisi ya mizigo. Kuna boksi yako imetoka Mombasa. Imeandikwa kuna kitu iko hai ndani."

Waiyego nusura acheke na nusura alie. "Mzee yuko kwa theatre," akasema. "Ngojeni."

Kinuthia alitoka salama saa tano. Jemutai, muuguzi wa wodi, alimruhusu Waiyego aingie dakika chache. Mzee alikuwa amelegea kwa dawa, ulimi mzito, lakini maneno ya kwanza aliyoyatamka yalieleweka vizuri: "Samaki imefika?"

"Hata hujauliza kama mimi nimekunywa chai," Waiyego akamwambia.

"Mama Nyokabi, tafadhali. Iko kwa plastiki tangu jana. Itakufa."

Akasinzia tena. Waiyego akamtazama, mzee mzima mwenye mvi kifuani, mdomo wazi. Moyo wake ulikuwa na hasira na huruma zimefungwa fundo moja. Alitoka nje akijiambia kwamba boksi hilo litakaa huko huko ofisini. Ila alipofika barabarani miguu ikashika njia ya ofisi ya mizigo. Kiumbe kilichofungiwa njaa na giza kilikuwa kiumbe tu, na yeye hajawahi kuacha kifaranga afe ndani ya kartoni eti kwa sababu amekasirika.

Alipanda boda boda hadi Yamumbi, boksi mapajani, akimkemea dereva kila penye tuta: "Pole pole, kijana! Nimebeba mtu hapa."

Nyumbani alilifungua boksi. Ndani ya plastiki iliyojaa hewa kulikuwa na samaki mdogo kupindukia, rangi imefifia, anahema haraka haraka. Waiyego akampigia Kituyi.

"Shemeji, hii samaki yenu imefika. Nimwage tu ndani?"

"Usimwage!" Kituyi alipiga kelele kwenye simu. "Utaiua, Mama. Kwanza zima taa ya tanki. Weka hiyo plastiki ielee juu ya maji, ikae dakika ishirini, ipate joto sawa na la ndani. Halafu weka samaki kwa ndoo safi na maji yake. Kuna mpira mwembamba Mzee ameweka hapo chini, unafanana na wa drip ya hospitali. Tia ncha moja kwa tanki, nyonya maji yaanze kushuka, halafu piga fundo legevu, yaingie kwa ndoo tone kwa tone. Chumvi ya huku na ya huko hazilingani. Ikibadilika ghafla, mwili unashtuka."

"Tone kwa tone mpaka lini?"

"Kama saa moja hivi. Maji ya ndoo yakiwa mara tatu ya yale ya kwanza, chota samaki peke yake, umtie ndani. Ile maji imetoka safari usiitie."

Waiyego akafanya. Alivuta kigoda, akaketi kando ya ndoo na blanketi magotini, akahesabu matone kwa kuwa hakuwa na lingine la kufanya. Maximilla, jirani yake aliyekuja kuchukua trei ya mayai, alimkuta hapo.

"Mama Nyokabi, mzee amelazwa na wewe unalinda ndoo?"

"Nyamaza, Maximilla. Hata mimi nashangaa."

Saa moja ikapita. Alimchota yule mdogo kwa kikombe na neti, akamwachia upande wa kushoto wa tanki. Samaki akashuka polepole, akasimama karibu na jiwe, anatazama huku na huku.

Madam akatoka nyuma ya mawe kama risasi. Alimgonga mgeni ubavuni, akamzungusha, akamshika pezi la mkia na kulitikisa. Mdogo akakimbilia pembeni, akafuatwa. Akapanda juu, akafuatwa. Kipande cha pezi kikaelea majini kama uzi.

"Ngai, Mungu wangu!" Waiyego alipaza sauti. Akaingiza mkono mzima ndani ya tanki, nguo na yote, akatenganisha vita hiyo kwa kiganja. Maximilla aliachia trei mezani.

"Huyo mkubwa ni shetani," Maximilla akasema.

"Si shetani," Waiyego akajibu, mkono ungali majini. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Hapa ni kwake Madam, ameona mtu ameingia bila kubisha."

Neno hilo lilitoka mdomoni kabla ya kulifikiri, na lilipotoka ndipo akili ikamfunguka. Kuku aliwajua. Hakuna mfugaji anayetupa kuku mgeni katikati ya kundi la zamani. Watamdonoa hadi akili imtoke. Unamweka nyuma ya waya. Wanaonana, wananusana, wanakula kila mmoja upande wake, na baada ya siku kadhaa unafungua.

"Maximilla, niletee ile kikapu ya plastiki ya kuoshea mboga ya sukuma. Ile ya matundu. Na vibanio vya nguo."

Walikitumbukiza kikapu nusu ndani ya maji, wakakibana ukingoni kwa vibanio vinne, wakamtia mgeni ndani yake. Maji yalipita kwenye matundu, meno ya Madam hayakupita. Madam alikizunguka kikapu mara tano, akakigonga mara mbili, kisha akakaa chini yake akitazama juu, amefura.

Kesho yake mchana, saa ya kuwaona wagonjwa, Waiyego alifika wodini na chupa ya uji na simu ya mzee. Kinuthia alikuwa ameketi ameegemea mito, rangi ya uso imeanza kurudi. Waiyego akamsimulia yote, hata kile kipande cha pezi. Kinuthia aliposikia kikapu cha sukuma kikitajwa, alishika tumbo kwa mikono miwili.

"Usinichekeshe, mshono utaachana."

"Nimekosea?"

"Kukosea? Mimi wakati wa wale wa kwanza nilisoma kwa simu wiki mbili ndio nikajua mambo ya kutenganisha. Wewe umejulia wapi?"

"Kwa kuku."

Jemutai, aliyekuwa akibadilisha chupa ya maji ya mgonjwa wa kitanda cha pili, akauliza, "Mzee, na huyo mdogo ni wa kiume?"

"Hawa wote huzaliwa madume," Kinuthia akasema, sasa amechangamka. "Mkubwa kati yao ndiye anageuka kuwa jike. Ndiyo maana nilitaka mdogo. Wawili wakilingana, watapigania ukubwa hadi mmoja afe."

"Kwa hivyo Madam alikuwa mwanaume?" Waiyego akauliza.

"Zamani."

Jemutai alitoka akicheka hadi kwenye veranda. Waiyego naye alicheka. Kisha kicheko kikaisha, mgonjwa wa kitanda cha pili akasinzia, wakabaki kama wawili, na jambo lililokaa kifuani mwake miaka mingi likapanda lenyewe.

"Baba Nyokabi, wacha nikuulize. Miaka kumi na moja ulikaa huko na bahari yako. Mimi sikuiona hata siku moja. Ukarudi. Nikasema sasa mume wangu amerudi. Halafu ukaenda kuileta bahari ndani ya nyumba yangu, ukaipa uso, ukanipa mgongo. Kulikuwa na nini huko ambacho hapa hakuna?"

Kinuthia alikunja ncha ya shuka, akaikunjua. Hakuwa mtu wa maneno, na Waiyego alijua akimharakisha hatasema. Akamimina uji, akangoja.

"Huko hakukuwa na kitu," Kinuthia akasema mwishowe. "Nilikuwa na chumba kimoja, kitanda na jiko. Jioni nilikuwa naenda kwa Kituyi kukaa mbele ya matanki yake, kwa sababu kwangu hakukuwa na mtu wa kusema naye. Nilikuwa nangoja kurudi. Nikarudi. Nikakuta hapa kila kitu kina mwenyewe. Kuku ni zako. Shamba unalijua wewe. Watoto wakipiga simu, wanakuuliza wewe. Hata mbwa nikimwita, anakuangalia kwanza. Siku moja nilikulishia kuku, ukakuja nyuma yangu ukamwaga kile chakula, ukaweka kingine."

"Ulikuwa umewapa cha vifaranga."

"Najua. Ulikuwa na haki. Lakini nilitafuta kitu ambacho naweza kufanya bila kuuliza mtu. Samaki ndio kitu kingine nilichojua kando ya mitambo ya simu."

Waiyego akafunika chupa ya uji. Alitaka kusema kwamba asingeweza kuacha kila kitu kikingoja miaka kumi na moja bila mwenyewe. Kwamba kuku hawali matumaini. Alikuwa na maneno mengi ya haki. Akamtazama mumewe akishikilia kikombe kwa mikono miwili kama mtoto, akaona miaka yote aliyodhani ameachwa peke yake, kumbe kulikuwa na mwingine peke yake upande ule. Akampanguza uji kidevuni.

"Kunywa," akamwambia. "Nitaondoka mapema. Nimeacha wale watu peke yao."

Kikapu kilikaa majini siku nne. Waiyego aliwalisha wote wawili kwa wakati mmoja, punje chache kikapuni, punje chache nje, ili Madam azoee kula akimwona mgeni. Siku ya kwanza Madam aliacha chakula kwa hasira. Siku ya pili alikula mgongo ukiwa umegeuka. Siku ya tatu Waiyego alimkuta amelala chini ya kikapu, pembeni kabisa, na yule mdogo naye amejibanza pembe hiyo hiyo upande wa ndani, plastiki tu katikati yao.

Jumapili baada ya ibada hakungoja hata kuvua nguo za kanisa. Alikunja mikono ya gauni, akayahamisha mawe ya tanki, la kulia akaliweka kushoto, la nyuma akalileta mbele. Hilo pia alilitoa kwa kuku: ukibadilisha vitulio vya kulalia, hata kuku wa zamani anakuwa mgeni na hana pa kusema ni pangu. Kisha akazima taa, akafungua vibanio, akakiinamisha kikapu.

Mdogo akaelea nje. Madam akamjia mbio. Waiyego alikuwa ameshaingiza vidole majini. Lakini mdogo safari hii hakukimbia. Alilala ubavu, akaanza kutetemeka mwili mzima, kutoka kichwa hadi mkia. Madam akasimama. Mdogo akatetemeka tena.

Waiyego akanyakua simu. "Baba Nyokabi! Anakufa! Ameshikwa na degedege!"

"Anafanyaje?"

"Amelala upande, anatetemeka mbele ya Madam. Madam amemsimamia tu."

Waiyego akasikia mzee akivuta kamasi.

"Hajakufa," Kinuthia akasema. "Hiyo ndiyo salamu yao. Anamwambia, wewe ndiye mkubwa, sikuja kupigana. Sasa angalia Madam. Akimwacha, imekwisha."

Madam alimzunguka yule mdogo mara moja. Akamgusa mgongoni kwa pua, si kwa nguvu. Akageuka akaenda zake kwenye jiwe lililohamishwa, akaanza kulichunguza, na mdogo akamfuata hatua mbili nyuma. Waiyego alieleza kila kitu kwenye simu kama mtangazaji wa mpira, hadi mgonjwa wa kitanda cha pili akaomba Mzee aweke sauti ya juu na yeye asikie. Haikuwa amani tupu. Madam alimfukuza mara kadhaa jioni ile, na pezi la mdogo lilichukua wiki tatu kuota tena. Lakini damu haikumwagika.

Kinuthia aliruhusiwa Jumanne. Alikatazwa kubeba kitu kizito miezi miwili, kwa hiyo mitungi ya maji ya tanki ikawa ya Waiyego, na Kinuthia akawa wa kusimama kando akipima chumvi kwa kile kipimo chake. Waligombana sana wiki zile. Kinuthia alitaka mawe yarudi yalivyokuwa, Waiyego akakataa. Waiyego alitaka kuongeza chakula, Kinuthia akakataa. Asubuhi moja Waiyego alimwita bandani, akampa daftari la chanjo za kuku na miwani.

"Macho yangu hayaoni hii maandishi," akasema. "Kuanzia leo chanjo ni zako. Ukikosea, nitakuambia, lakini sitamwaga."

Haikuwa kweli kwamba macho yake hayaoni. Kinuthia alilijua hilo, akalichukua daftari, akavaa miwani.

Mnamo Desemba Madam na mwenzake walisafisha uso wa kigae cha chungu kilichokuwa kwenye kona ya tanki, wakakisugua kwa midomo siku mbili, na siku ya tatu Madam akataga juu yake mayai madogo ya rangi ya chungwa, zaidi ya mia moja, yamepangika kama shanga. Mdogo ndiye aliyebaki kuyalinda, akiyapepea kwa mapezi mchana kutwa. Waiyego alisahau kuku hadi saa nne siku hiyo. Mayai yalianguliwa siku ya tisa. Vitoto vilikuwa vidogo kama vumbi kwenye mwanga, na kufikia siku ya nne vyote vilikuwa vimekufa, kwa kuwa havikuweza kula chakula cha wakubwa. Waiyego alilia kidogo jikoni, akifungulia mfereji ili asisikike. Kinuthia alimsikia, akaja akasimama mlangoni. Hakuondoka hadi mkewe alipomaliza.

Januari, mayai yalipotagwa tena, simu ya Kituyi iliita saa moja asubuhi.

"Shemeji," Waiyego akasema, "nasikia kuna wadudu wadogo wa maji wanaoliwa na vitoto vya hawa samaki. Unao?"

"Ninao, Mama. Lakini kuwafuga ni kazi kidogo. Mpe Mzee simu nimwelezee."

Kinuthia alikuwa nje bandani, miwani puani, sindano mkononi, akimshika tembe mmoja kwa kwapa na kumnong'oneza atulie.

"Mzee ana kazi," Waiyego akasema, akivuta kigoda na kalamu. "Nielezee mimi."